Ufa Ambao Tuyana Hakuutazama

Kila msimu Tuyana na baba yake, Bulat, walivuka Ziwa Baikal kwenda kisiwa cha Olkhon kumsalimu Bibi Dulma. Kiangazi walipanda kivuko, na majani yalipodondoka walikipanda tena huku mawimbi yakiwatapisha. Wakati wa baridi ziwa liliganda, nao wakapita juu yake kwa gari. Sasa Machi ilikuwa inakwisha, jua limeanza kuwaka na barafu inapasuka.

"Kimbia ukautazame ule ufa," Bulat alimwambia asubuhi hiyo akipakia gunia la unga wa bibi. "Jana ulikuwa na upana wa kiatu. Ukizidi hatua moja, hatupiti hapo."

Tuyana alifika ufukweni akawakuta wenzake wanateleza. Weee! Akateleza nao mpaka mashavu yakawa mekundu. Ufa hakuusogelea kabisa.

"Vipi?" baba akauliza.

"Ni ule ule, baba."

Walipoingia barafuni, Bulat alifungua mikanda ya viti na kuiacha milango nusu wazi, maana gari likizama sharti uruke. Kisha akachovya kidole cha pete katika maziwa, akalirushia ziwa matone kuliomba njia, kama walivyofanya wazee wao. Akampa Tuyana kikombe.

"Nawe omba, mwanangu."

Tuyana alikishika kikombe bila kuchovya kidole. Aliona haya, tena aliogopa. Ataombaje njia ambayo hakuitazama?

"Baba, usiende! Sikuutazama ufa. Nilikuwa nacheza."

Bulat alimkazia macho. Akachukua mtaimbo, akatangulia kwa miguu. Lo! Ufa ulikuwa umeachama, hata ng'ombe angetumbukia. Iliwabidi waufuate saa nzima hadi mahali palipobana, wakatandika mbao walizobeba garini, wakavuka polepole.

"Nyama imepoa! Mlilala njiani?" Bibi Dulma alifoka mlangoni.

Tuyana akamweleza yote mwenyewe, machozi yakimtoka. Bibi akamimina chai ya maziwa yenye chumvi.

"Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Yako leo ingeishia kwenye ufa, na ya baba yako pia. Umechelewa kusema kweli, lakini umeisema mngali hai. Ukitumwa kutazama, tazama. Usipotazama, sema hukutazama. Aibu hupita. Aliyezama harudi."

Bulat, aliyekuwa amemkasirikia tangu barafuni, akamsogezea binti yake sahani ya nyama.