Kitufe cha Kijani

Kila asubuhi fundi viatu alifungua kibanda chake kando ya barabara. Alipanga sindano, nyuzi, nta na gundi juu ya meza ndogo. Mteja akija kuchukua viatu vyake, fundi hakumwacha aondoke hivi hivi.

"Vaa kwanza," alisema. "Tembea mpaka pale ukutani, urudi nione."

Mteja alitembea. Fundi alikaa kimya, akaangalia miguu. Mtu akichechemea, kiatu kilirudi mezani. Fundi hakumwambia kwamba hajui kutembea. Kwa sababu hiyo watu walimbandika jina la Mzee Tembea, na jina likamkaa.

Mzee Tembea alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo mara nyingi hauumi. Unakula macho polepole, na kilicholiwa hakirudi. Kila baada ya miezi mitatu alikwenda kliniki kupimwa na kupewa dawa ya matone. Karani alimwandikia tarehe kwenye kadi, kwa kalamu nyekundu, na mambo yalikwenda.

Kisha kliniki ikaacha kadi. Miadi yote ikahamia kwenye programu ya simu. Siku moja kabla, mgonjwa alitakiwa kuthibitisha kwamba atakuja. Asipothibitisha, nafasi yake anapewa mwingine.

Binti yake alikuwa mwalimu wa chekechea. Watoto wa watu aliwavumilia kutwa nzima, lakini baba yake alimchosha kwa dakika tano. Alimwonyesha programu kwenye simu ya kwake binti, si ya baba.

"Baba, ni rahisi. Unaona tarehe? Chini yake kuna kitufe cha kijani. Bonyeza, basi."

"Nimeona, mwanangu."

Siku ya kuthibitisha ilipofika, mzee alifungua simu yake kibandani. Aliona tarehe. Kitufe cha kijani hakukiona. Aliisogeza simu karibu, akaipeleka mbali, akafuta kioo kwa shati. Alijua anaumwa macho. Akaamini kitufe kipo, ila yeye hakioni.

Jioni binti akauliza, "Umebonyeza?"

"Nimebonyeza," alisema mzee. Aliona aibu.

Siku ya miadi, kule kliniki, karani hakunyanyua hata kichwa. "Jina lako halipo, mzee. Nafasi imeshachukuliwa. Njoo baada ya miezi mitatu."

"Na dawa?"

"Dawa ni mpaka upimwe."

Binti alifoka. "Baba, wewe na simu ni maji na mafuta! Kubonyeza kitu kimoja tu kunakushinda?" Miezi mitatu ilipopita, yaleyale yakatokea. Alipopata nafasi ya kumwona daktari, kwa kuwa mgonjwa mmoja hakutokea, nusu mwaka ulikuwa umekwisha.

Daktari hakuzunguka. "Jicho la kushoto limekufa, mzee. La kulia bado lina uhai. Linahitaji upasuaji, na lisicheleweshwe."

Miadi ya upasuaji nayo iliwekwa kwenye programu ileile.

Muuguzi mmoja wa kliniki alikuwa jirani yao, mlango wa tatu. Alikuwa ameona kwamba wanaopoteza nafasi ni wazee watupu. Ofisini walisema wazee ni wasahaulifu. Yeye hakuridhika. Alasiri, siku moja kabla ya upasuaji, akaja kibandani na daftari. Binti alikuwepo.

"Mzee, leo sikufundishi," alisema muuguzi. "Chukua simu yako. Jaribu kuthibitisha miadi. Sema kwa sauti kila unachokitafuta. Anayepimwa leo siyo wewe, ni programu."

Mzee alifungua simu. Binti akanyoosha mkono. "Lete nikufanyie, baba."

"Mwache," alisema muuguzi. "Ukimsaidia, hatutajua anakwama wapi."

Binti akarudisha mkono. Kidole cha mzee kilitembea juu ya kioo, kikasimama.

"Natafuta kitufe cha kijani," alisema kwa sauti ndogo. "Kipo. Macho yangu tu ndiyo hayakioni."

Muuguzi aliinama akaangalia. Akachukua simu, akavuta juu, akavuta chini. Ukurasa haukusogea.

"Herufi zako ni kubwa," alisema.

"Nilizikuza. Bila hivyo sisomi."

"Ndiyo hapo. Herufi zikiwa kubwa, kitufe kinasukumwa nje ya kioo. Hakipo, mzee. Hata mimi sikioni."

Mzee aliichukua tena simu, akaiangalia. "Hakijawahi kuwepo?"

"Kwenye simu yako, hakijawahi."

Binti alijifunika uso kwa mikono miwili.

"Programu hii waliijaribu kwa nani?" aliuliza mzee.

"Wao wenyewe, ofisini. Vijana wenye macho mazima."

"Programu ya wagonjwa wa macho," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa chungu. "Mimi kiatu cha mtu simvalishi jirani yake nikasema kimemtosha mwenyewe."

Muuguzi alithibitisha miadi kwa kupiga simu kliniki palepale. Kisha akaenda kwa wagonjwa wengine wanne. Alimpa kila mmoja kazi ileile, akanyamaza, akaandika. Watatu walikwama mahali palepale. Alipeleka daftari kwa watengenezaji wa programu. Walikiweka kitufe juu, wakaongeza namba ya kupiga kwa anayeshindwa. Kabla ya kuitoa upya, wazee walewale waliijaribu tena. Safari hii wote walifika mwisho.

Jicho la kulia lilipasuliwa kwa wakati, na likapona. Miadi iliyofuata, mzee alithibitisha mwenyewe, binti amekaa pembeni, mikono magotini.

"Ndicho hiki?" aliuliza mzee.

"Ndicho hicho. Nisamehe, baba."

"Kidogo hivi," alisema mzee, akakibonyeza.

Mteja alikuwa akisubiri viatu vyake. Mzee alimwambia avae, atembee mpaka ukutani. Sasa, kwa jicho moja, ilimbidi ageuze kichwa chote ili auone mguu uliokuwa upande wake wa kushoto.