Bwawa Lisilongoja Kuiva

Ernestina alizaliwa Kizuka, penye michikichi. Tangu utoto alijua kwamba chikichi halivunwi mpaka liwe jekundu. Basi alipotengeneza bwawa dogo la spirulina nyuma ya nyumba yake, Rumonge, aliingoja iive.

Spirulina ni vijimea vidogo mno vya majini. Vikiwa vingi, maji huwa kijani. Unga wake hutiwa kwenye uji.

Mwezi ukapita. Maji yakaanza kugeuka manjano. Ernestina akavuna, akaanika kwenye jua kali kama samaki wadogo wa ndagala. Akina mama wanaopikia watoto wa shule wakaukataa unga.

"Umepauka, tena unanuka," walisema. "Tutaonja mara moja tu tena, baada ya wiki tatu."

Mama Anastasie, mamamkwe wake, alicheka. "Mukaza mwana, ukishindwa tena, shimo hilo nalifukia. Nitaanika samaki hapo."

"Halifukiwi, mama," Ernestina alijibu.

Akamwita jirani yake Tahira, aliyefuga spirulina miaka mingi. Tahira aliyateka maji kwa kiganja.

"Iko na siku ngapi?"

"Thelathini. Nilingoja iive."

"Kumbe unalima mawese majini!"

Wakacheka wote wawili.

"Sikia, dada. Ndani yake iko rangi ya buluu. Inasaidia kulinda mwili, kama rangi inavyokinga chuma kisipate kutu. Spirulina ikiwa inakua na kushiba, buluu iko nyingi. Chakula kikiisha majini, inaila buluu yake yenyewe. Inabaki manjano."

"Na jua?"

"Linamalizia kilichobaki. Kaushia kivulini, penye upepo."

Tahira akampa ndoo ya mbegu changa, na kijiti chenye kifuniko cheupe mwishoni. "Chovya kila asubuhi. Kifuniko kikipotea machoni kwenye kina cha vidole viwili, vuna kabla chakula hakijaisha. Usivune yote. Inayobaki uilishe."

"Murakoze, dada."

Ernestina akasafisha bwawa, akaanza upya. Siku ya kumi na mbili, kifuniko kikapotea.

"Bado changa hiyo!" Mama Anastasie alipiga kelele.

Ernestina alichovya kijiti mara ya pili. Kisha akachukua kitambaa cha kuchujia, akavuna, akakaushia kivulini.

Siku ya kuonja ilipofika, unga ulikuwa wa kijani kinachoelekea buluu. Haukunuka. Wapishi walilamba vijiko, wakaomba uletwe kila wiki.

Wiki iliyofuata, Ernestina aliamka akamkuta mamamkwe wake ameinama bwawani, kijiti mkononi.

"Mukaza mwana! Kifuniko kimepotea. Unangoja nini?"