Chachu Mbili Nyumba Moja

Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025. Mvua ilinyesha Bandar Lampung tangu alfajiri, na soko zima lilikuwa tope. Wuryani, mtandio wa zambarau umemkaa vizuri, alikuwa akifunga tapai, ule muhogo wake uliochachushwa ukawa mtamu, kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi alipoteleza mbele ya meza yake.

"Pole, kaka. Ukiiangukia, umeinunua."

"Basi niongeze mbili, dada. Ni tamu?"

"Kuliko huo ulimi wako."

Ndivyo alivyomjua Parmadi. Alikuwa fundi wa maabara katika kiwanda kinachogeuza machicha ya muhogo kuwa asidi ya kutengenezea plastiki inayooza. Kazi yake ilikuwa kulea vijidudu vinavyotengeneza asidi hiyo.

"Wewe unalea chachu, mimi vijidudu," Parmadi alimtania kwenye simu walipokwisha kupendana, akimfupishia jina. "Watoto tunao tayari, Yani. Bado ndoa tu."

"Lete posa, acha maneno!"

"Tangi jipya la vijidudu likifaulu tu. Hapo nitapata ajira ya kudumu."

Asubuhi ya kuanzisha tangi, Parmadi alipopita sokoni, Wuryani alimtilia tapai mfukoni kwa siri, asishinde na njaa. Parmadi akaila mlangoni mwa maabara, akanawa harakaharaka. Siku ya tatu tangi zima lilinuka pombe. Chachu ya tapai iliyobaki mikononi mwake ilikuwa imevinyang'anya vijidudu sukari.

Siku hiyo Parmadi alimpigia Wuryani mara sita. Wuryani alikuwa akinyunyiza chachu, na kwao anayenyunyiza chachu hafungui mdomo, tapai isije ikawa chungu. Akaiacha simu ilie. Alipompigia baadaye, haikupokelewa. Wiki mbili alilia juu ya msala, akiamini ameachwa.

Kisha Bi Rohaya, msimamizi wa kiwanda, akaja sokoni. "Mwanangu, tapai imeharibu tangi, lakini kwa meneja hakukutaja hata kidogo. Alitaka tu kusikia sauti yako kabla ya kuingia kwa meneja. Wamemsamehe, lakini kwa sharti: asikae nyumba yenye chachu."

Wuryani alimfuata Parmadi hadi getini mwa kiwanda.

"Nilikuwa nanyunyiza, kaka. Sikuweza kusema."

"Nilikumbuka baadaye, nikaona haya kupokea. Yani, acha tapai tuoane."

"Na mama yangu mgonjwa, aliye kitandani, ale nini nisipouza?"

"Basi naacha kazi mimi."

"Miaka sita umesoma masomo ya jioni, uitupe kwa ajili ya muhogo? Mungu hatanisamehe."

Parmadi aliinamisha kichwa. Wuryani alijua hakuna njia ya tatu. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akawageukia Bi Rohaya na walinzi wawili.

"Shuhudieni. Sina kinyongo naye, wala simfungi kwa machozi yangu. Siku atakapooa mwingine nitakwenda, na dua ya ndoa yake ikisomwa, nitaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Naahidi, wallahi."