Kuku wa Héritier

Mimi si mtu wa kuamini kila kinachosemwa Bukavu. Hapa kwetu paka akipiga chafya, tayari kuna anayejua ni nani aliyemtuma. Lakini haya yalitokea kwa jirani yangu, nikiyatazama juu ya ua wa majani unaotenganisha parseli zetu, kiwanja chetu na chao. Anayetaka kucheka acheke.

Jirani huyo ni Mélanie. Yeye na mume wake Bruno walijenga hapa Muhumba, chini karibu na ziwa. Wote wawili ni watu wa ofisi, mke katika shirika moja, mume chuoni. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya Héritier. Kwa hiyo mtoto huyo alipozaliwa, mzima, tena mwenye mapafu ya kuamsha mtaa, hakuna aliyemshangaa mama yake kwa kukataa kumweka chini. Na alilia, jamani. Alilia mpaka mimi huku kwangu nikazijua saa zake za kunyonya.

Jumamosi moja mama yake Bruno, Mama Domitille, alishuka kutoka Miti, kijijini kwao, na maharagi, viazi, na kuku jike mwekundu ndani ya kitunga. Alipokwisha kumbeba mjukuu, aliomba kile kitambaa alichofungwa mtoto siku ya kutoka materniti. Alichana utepe mwembamba, akaufunga kwenye mguu wa kuku. Kwao ndivyo wanavyofanya. Kuku huyo anakuwa wa mtoto. Hauzwi wala hachinjwi, mayai yake ya kwanza anakula mzazi, na vifaranga ndio mwanzo wa mali ya mtoto.

Mélanie alikula mayai. Lakini yeye hakumpenda mama mkwe aliyeyaleta. Bibi huyo aliwahi kusema juu ya mimba ya pili kwamba haitakamata, na kweli haikukamata. Mama Domitille alikuwa amezalisha wanawake wengi huko kijijini, alisema alichokiona kwa macho. Mélanie alilichukua neno lile, akaliweka moyoni, akawa analilisha.

Siku yenyewe, bibi akiwa bado pale akimlea mtoto wakati Mélanie yuko kazini, ilikuwa nzuri, jua limetulia, ziwa limenyooka. Nilikuwa naanika nguo. Kengele ya kanisa ya saa sita ilianza kugonga, na yule kuku mwekundu akaruka juu ya tangi la maji. Akanyoosha shingo. Akawika. Haikuwa sauti ya jike anayetaka kutaga. Aliwika kama jogoo, mpaka mwisho, na kengele ikamalizia nyuma yake.

Mama Domitille alikuwa ameketi kwenye ngazi akichambua maharagi. Ungo ulimteleza, maharagi yakamwagika yote. Hakuyaokota. Alikuja mpaka kwenye ua, akaninong'oneza.

"Mama Josué, umesikia?"

"Nimesikia."

"Kuku muke yenye kuwika haionake magaribi, jua haizamake ingali muzima. Tungekuwa Miti, ingekuwa ilisha kufa."

"Basi uichinje, maman."

"Siwezi. Iko na kitambaa ya mutoto."

Akanieleza taratibu. Kwanza unatafuta kuku mwingine, unamweka mbele ya mtoto. Ndipo unafungua kitambaa kwa yule wa kwanza na kukifunga kwa huyu wa pili. Baada ya hapo, wa kwanza ni kuku tu, unamchinja hata huku ukicheka.

"Na kama banakata shingo, kitambaa ingali ku muguu?" nikauliza.

"Ile sauti haikufe," alisema. "Inatafuta mwenye kitambaa."

Alimpigia Bruno simu amletee kuku mwingine kutoka sokoni. Bruno alikuwa kwenye mkutano, akasema ndiyo maman, jioni. Bibi akaketi chini ya tangi, akamshika kuku miguu, akaanza kumsemesha polepole ili asiwike tena. Na hapo ndipo Mélanie aliporudi kunyonyesha. Alimkuta mama mkwe amekumbatia kuku, kidole kwenye kitambaa cha mtoto wake, midomo inachezacheza.

Hakuuliza kitu. Neno moja tu la kuuliza lingetosha. Alimchukua mtoto ndani, akamfunga mgongoni, akapanda kwa mama mmoja wa maombi aliyekuwa akimwendea tangu mimba ya pili. Diploma za Mélanie huyo ziko ukutani sebuleni kwake, zimewekewa kioo. Sisemi zaidi.

Alirudi jua likiwa bado juu, na macho yake yalikuwa makavu. Mama wa maombi alikuwa amemwambia: kuku huyo anasema kwa sauti isiyo yake. Mumuue leo. Aliyemtuma amle peke yake, asibakize. Kilichomfunga kwa mtoto kichomwe moto. Bruno naye aliingia wakati huohuo, mikono mitupu. Alikuwa amemsahau kuku aliyeagizwa na mama yake.

Nilipita kwenye tundu la ua nikaingia kwao. Mélanie alikuwa tayari amemkanyaga kuku mabawa, kisu mkononi. Mama Domitille alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, mtu mzima wa umri ule.

"Unifukuze, binti yangu. Leo hii. Miye sitakatala. Lakini ufungule kwanza kitambaa."

"Unaona?" Mélanie akamwambia mumewe. "Unaona vile anaogopea kuku yake?"

"Mélanie," nikasema, "si ufungule tu? Itakupunguzia nini?"

"Mama Josué, urudie kwako."

"Bruno," bibi akasema. "Mwana wani." Ndivyo wanavyosema kwa Mashi, mwanangu.

Bruno alitazama viatu vyake. "Maman, nyamaza kwanza."

Mélanie akakata.

Mmeshaona kuku asiye na kichwa. Hurukaruka, huzunguka, huanguka popote. Huyu hakuzunguka. Alisimama. Alipanda ngazi. Aliingia sebuleni, akafuata koridoo, akapita milango miwili iliyo wazi. Tulifuata damu. Tulimkuta chini ya kitanda cha mtoto, ametulia, mguu wenye kitambaa umenyooshwa.

Héritier alikuwa akilia tangu waliporudi. Hapo ndipo tulipogundua kwamba kimya kimeingia. Alikuwa macho, anatutazama.

Kilichofuata mimi nilikiona nikiwa nje, kwa dirisha la jikoni lao. Walimpika kuku juu ya mbabula, jiko la makaa, bila chumvi, mguu na kitambaa chake ndani ya sufuria, wakamweka mama mzazi wa Bruno mezani.

"Ukule," Mélanie akasema.

"Nitakula."

Mama Domitille ana meno machache. Alikula kidogokidogo, kipande kwa kipande, huku mwanawe akimmiminia maji kwenye glasi kwa adabu. Katikati alitapika. Mélanie alifuta meza, akamsogezea sahani tena. Nilitamani kumpiga mwanamke yule, na bado natamani. Bibi alipofika kwenye mguu, alikifungua kitambaa kwa vidole vyake, akakilaza pembeni ya sahani, akakinyoosha vizuri.

"Nimekula mujukuu wangu," alisema, kwa sauti ndogo.

"Amesema!" Mélanie akasimama. "Bruno, amesema mwenyewe!"

Basi. Kitambaa kilimwagiwa mafuta ya taa, kikachomwa nyuma ya jikoni. Mvua ilikuwa imeanza. Walimpandisha mama yao kwenye moto, yaani pikipiki, ya kumrudisha Miti, bila mwavuli. Viatu vyake vilibaki kwenye kizingiti.

Tangu siku ile Héritier hakulia tena.

Alifungua kinywa, uso ukawa mwekundu, machozi yakatoka. Sauti hakuna. Hospitali walimchungulia koo, wakapiga picha, wakasema kila kitu kiko mahali pake. Alinyonya vizuri, akanenepa. Mwanzoni Mélanie alitoa shukrani kwenye maombi, kwamba mtoto amepata amani. Baadaye aliacha kushukuru. Akaanza kumfinya. Nilimkuta siku moja amemlaza kwenye mapaja, anamfinya kwenye paja, tena na tena, anamwambia lia, papa, lia kidogo tu. Mtoto alikuwa amejaa madoa. Alikuwa ameachama kinywa chote, na nilichosikia ni maji yakidondoka kwenye beseni.

Hapo ndipo Bruno alipopanda Miti. Wanasema alipiga magoti mlangoni. Mimi sikuwepo, ila namjua mama yake, na najua hakumwacha akae chini muda mrefu. Alishuka naye siku iliyofuata asubuhi, na kuku mpya, mweupe, ndani ya kitunga. Kwenye kizingiti bibi alivikuta viatu vyake. Alivivaa.

Asubuhi hiyo mimi ndiye niliyekuwa nimemwogesha mtoto, maana mikono ya Mélanie ilikuwa haishiki tena kitu. Nilimsugua mwili mzima, mpaka katikati ya vidole vya miguu. Madoa ya kufinywa yalikuwepo. Kingine hakikuwepo. Nawaambia hivyo mapema.

Mama Domitille alimweka kuku mweupe mbele ya mjukuu wake. Kisha akanyoosha mkono kwa Mélanie. Hakuwa na hasira yoyote, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

"Leta kitambaa."

"Nilikichoma, maman."

"Yote?"

"Yote. Mama wa maombi alisema ichomwe."

Bibi alikunja mkono wake, akauweka mapajani. Kisha aliinama, akamfungua kuku miguu, akamwacha atembee.

"Kwani hakuna ingine njia?" Bruno akauliza.

Bibi alimfuata kuku kwa macho.

Kengele ya saa sita ikaanza kugonga. Mtoto alikuwa amepakatwa na mama yake. Alitikisika. Akanyoosha shingo, kupita vile shingo ya mtoto mchanga inavyonyooka. Akafungua kinywa. Mélanie alianza kutabasamu. Aliamini kilio kimerudi.

Aliwika.

Kama jogoo. Mpaka mwisho.

Mélanie alimtazama mama mkwe wake, na midomo yake ilikuwa imepauka.

"Hapana, maman. Usiseme ile maneno ya magaribi."

Mama Domitille hakulisema. Hakukuwa na haja, lilikuwa limeshasemwa siku ile ya kuku, na kwa maneno ya mtaa sote tulilijua. Bruno aliendesha gari mpaka hospitali, akarudishwa: mtoto hana homa, moyo unapiga vizuri, mwende mumpumzishe. Mélanie alifunga mapazia yote ya nyumba. Alitundika vitenge kwenye madirisha yasiyo na pazia. Akaketi gizani na mwanawe kifuani, anauliza kila dakika, jua iko wapi, Mama Josué, jua iko wapi. Mimi nilikuwa nachungulia nje na kumdanganya kwamba bado liko juu. Nilisema bado. Nilisema bado, mama. Mwanga ulikuwa ungali juu ya ziwa aliponiambia kwamba mtoto amekuwa mzito.

Tulimwosha sisi wawili, mimi na bibi yake. Nilianza kichwani. Nilipofika miguuni mkono ukasimama. Kwenye kifundo cha mguu wa kulia palikuwa na duara, limezunguka lote, upana wa utepe ule. Ngozi ilikuwa imeungua mpaka ndani. Niliinama karibu. Mguu ulinuka mafuta ya taa.

Mama Domitille alimvalisha soksi. Baada ya maziko alirudi Miti, na hajashuka tena.

Daktari aliandika ugonjwa wa mapafu. Padri alituambia tusitafute maana ndani ya mnyama, kwamba kuku ni kuku. Ni mtu mwema, nami nampikia kila Pasaka. Lakini yeye haishi hapa kwetu.

Kuku mweupe alibaki. Hakuna anayethubutu kumuuza, na kisu hakuna anayekigusa. Anakula anachokiona, analala anapotaka. Kengele ya saa sita inapogonga, anaruka juu ya tangi la maji, ananyoosha shingo, anafungua mdomo. Hawiki. Analia. Ni kilio cha mtoto mchanga mwenye njaa, chenye kile kikwikwi kidogo cha mwisho, na mimi kilio kile nakijua, nilikisikia mchana na usiku.

Na kila mara mlango wa nyuma unafunguka. Mélanie anatoka, vifungo vya blauzi vimeshafunguliwa, blauzi yenyewe imelowa maziwa pande zote mbili. Anasimama chini ya tangi, ameinua mikono, mpaka kuku anyamaze.

Jana nilipita kwenye tundu la ua, nikamshika yule kuku, nikamkagua miguu yote miwili. Hakufungwa chochote. Hakuna cha kumfungulia.