Seva ya Kitale Kabla ya Kufutwa

Kila asubuhi Joan alifagia baraza ya kliniki yake mjini Kitale, kisha akaangalia seva, ile kompyuta iliyotunza rekodi za wagonjwa. Kila alichoandika kilinakiliwa kwenye seva ya pili huko Kanduyi, Bungoma, katika kliniki ya shemeji yake, Tonny.

Jumatatu moja seva ya Kitale ilizimika ghafla. Ile ya Kanduyi ikachukua uongozi, na kliniki zote mbili zikawa zinaandika huko. Alhamisi, fundi Jepkorir akairudisha ya Kitale ikiwa imetengenezwa.

Tonny akapiga simu.

"Shemeji, usiiunganishe na mtandao. Ifutwe kwanza."

Joan akaingiwa na shaka. Rekodi zote sasa ziko kwake, na bado anataka hata hizi zifutwe? Huyu ana lake jambo.

"Nitakupigia," alisema, akakata. Akachukua waya wa mtandao, auchomeke mwenyewe.

"Ngoja, mama," Jepkorir alisema.

"Na wewe uko upande wake?"

"Siko upande wa mtu. Hii mashine ilizimika ikiwa kiongozi. Ikiamka itadhani bado inaongoza. Wewe utaandika hapa, yeye ataandika kule. Mgonjwa mmoja atakuwa na faili mbili zinazopingana."

"Kwa hivyo ifutwe, ati?"

"Si kabla ya kuangalia. Labda iliandika kitu mwishoni, kikakosa kufika Kanduyi."

Joan akauweka waya chini.

Jepkorir aliiwasha seva bila mtandao. Akahifadhi nakala yake yote kwenye diski ya nje. Kisha akafungua rekodi za Kanduyi kwenye kompyuta yake ndogo, akalinganisha. Tatu zilikosekana kule. Moja ilikuwa ya mzee Kipkemei: penisilini humvimbisha koo.

Kipkemei ana kidonda mguuni, na ni Joan aliyemtuma Kanduyi asubuhi hiyo akapigwe picha ya mfupa.

Alipiga simu. "Shemeji, mzee Kipkemei amedungwa sindano?"

"Muuguzi anaitayarisha."

"Ya penisilini? Simamisha."

Alisikia Tonny akimwita muuguzi. Aliporudi kwenye simu, sauti yake ilikuwa chini.

"Nimesimamisha. Na mimi nilikuwa nasema ufute."

"Na mimi nilidhani unaninyang'anya kazi."

Tonny aliziandika rekodi zile tatu Kanduyi. Hapo ndipo Jepkorir alipofuta data ya zamani Kitale. Aliipanga seva iwe mfuasi, ndipo akaiunganisha, ikanakili upya kila kitu kutoka Kanduyi. Joan hakuridhika hadi Tonny alipoandika neno la majaribio kule, nalo likatokea mbele ya macho yake.

"Uongozi urudi kwako?" Tonny aliuliza.

"Ubaki huko. Bora nakala iwe kamili."

Mwezi uliofuata stima ilikatika, ikarudi kwa nguvu na kuharibu seva ya Kanduyi. Ya Kitale ikashika uongozi, na hakuna mgonjwa aliyerudishwa nyumbani. Siku tatu baadaye Tonny akapiga.

"Shemeji, yangu imetengenezwa. Sijaiunganisha, sijafuta kitu. Njoo na Jepkorir tuangalie pamoja."