Ukurasa Uliosema Hakuna

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku, msichana wa miaka kumi na mitatu, alifuatana na shangazi yake hadi zahanati. Shangazi alikuwa karani wa mafaili. Alipangusa meza, akawasha kompyuta, kisha akaanza kuita wagonjwa. Ukurasa wa kutafutia mafaili ulikuwa mpya, na aliyeubuni ni Chiriku mwenyewe, kwa msaada wa mwalimu wake wa kompyuta.

“Umeujaribu na watakaoutumia?” mwalimu alikuwa amemuuliza.

“Ndiyo, mwalimu,” Chiriku alijibu bila kupepesa macho. Kumbe aliujaribu peke yake, tena mara mbili tu.

Siku hiyo mama mmoja aliingia mbio, amembeba mwanawe anayehema kwa shida, mwili ukiwaka moto.

“Kadi yake imepotea!” alilia. “Kuna dawa ilimdhuru mwaka jana, nusura afe. Nimelisahau jina lake!”

Shangazi aliandika jina la mtoto. Kioo kikajibu: HAKUNA. Akaandika tena, jasho likimtiririka. HAKUNA.

“Basi hana faili hapa,” alisema daktari aliyekuwa akimpima mtoto. “Siwezi kungoja, mtoto anazidiwa. Muuguzi, tayarisha sindano.”

Chiriku peke yake alijua kwamba ukurasa ule ulitaka jina herufi kwa herufi. Ukikosea moja, ukurasa unakana faili lililopo. Kusema ni kujiumbua mbele ya watu. Kunyamaza je? Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

“Daktari, usimchome!” alipiga kelele. “Faili huenda lipo! Kosa ni langu, nilidanganya. Sikuujaribu na mtu yeyote!”

Shangazi alimkodolea macho, akampisha kiti.

“Mama, mlikuja mwezi gani?” Chiriku aliuliza akiketi.

“Sijui… alikuwa anaota meno… Wa tano! Mwezi wa tano!”

Chiriku alifungua mafaili ya mwezi ule moja baada ya jingine. Kumi. Thelathini. Nyuma yake mama alikuwa akisema, “Mwanangu anakwisha, jamani.” Faili la sitini na mbili lilikuwa na jina lile lile, ila limezidishwa herufi moja. Ndani yake: Asipewe penisilini.

Daktari aliisukuma kando sindano, iliyokuwa ya penisilini hiyo hiyo, akaagiza dawa nyingine. Kufikia adhuhuri mtoto alikuwa amelala, anapumua vizuri.

Shangazi alimkuta Chiriku uani, analia.

“Wiki nzima ukurasa ule umenihangaisha,” alisema. “Nikadhani mjinga ni mimi, maana ulimwambia mwalimu kwamba umeujaribu.”

Chiriku alikwenda kumwungamia mwalimu. Kisha akakaa siku tatu kando ya shangazi, kimya, jambo lililowashangaza wote wanaomjua, akiandika kila alipomwona anakwama. Ukurasa alioutengeneza upya ulikubali hata nusu ya jina, ukaonyesha majina yanayofanana, na uliposhindwa ulisema: “Sijalipata. Jaribu mwezi aliokuja.”

Shangazi aliutumia asubuhi nzima bila kuuliza swali.

“Sasa umefanya kazi,” alimwambia. “Kitu cha kuwasaidia watu, kijaribiwe kwanza na watu hao. Na uongo, mwanangu, hata uwe mdogo vipi, hauchagui wa kumwangukia. Safari hii nusura umwangukie mtoto asiyejua hata kusema.”