Bangili ya Chakula

Hannah alikuwa wa kwanza kuamka katika nyumba ya ghorofa mbili, mtaa wa Sulimaniya, Riyadh. Alichemsha maziwa ya watoto na kahawa ya baba wa nyumba. Alifua, akapiga deki, akapika, akaosha vyombo. Watu wa nyumba walipomaliza kula, yeye alikula kilichobaki. Alikula amesimama kando ya sinki, kwa sababu wakati wowote madam angeweza kuita.

"Hannah! Yalla! Haraka!"

Madam hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na mshahara aliulipa kila mwezi. Hannah alishukuru kwa hilo. Wasichana aliokuja nao kutoka Kenya hawakupata bahati hiyo wote.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 simu ililia Hannah akikaanga samaki. Ilikuwa habari ya msiba. Mama yake, Rasoa, alikuwa amefariki nyumbani, karibu na Mumias. Hannah aliomba ruhusa akazike. Baba wa nyumba alimpa pole. Kisha akasema mkataba haujaisha, na tiketi ni ghali sana. Hannah alirudi jikoni. Samaki walikuwa wameanza kuungua. Akawageuza.

Kaka yake, Zacharia, hakuzika pia. Yeye alikuwa mlinzi wa ghala mjini Jeddah. Alipanga chumba mtaa wa Mahjar pamoja na Mkenya mwenzake aitwaye Paul. Hannah na Zacharia walifanya kazi katika nchi moja, lakini hawakuwa wameonana tangu Hannah aje. Riyadh na Jeddah ni mbali, na mtumishi wa ndani hajiamulii safari. Mama alipokufa walilia kwa simu. Hannah alilia kidogo, kwa sababu madam alikuwa anamsubiri.

Idi ya mwaka huo, familia ilisafiri kwenda Jeddah kwa mama mzazi wa madam. Hannah alikwenda nao. Siku ya Idi, wakati wakiosha vyombo, madam alisema, "Kesho nenda ukamwone kaka yako. Dereva atakupeleka saa kumi alasiri. Saa nne usiku anakurudisha. Ikama yako, kibali cha kukaa, nitakupa uende nayo."

Hannah aliacha sahani ikazama majini. "Asante, madam. Asante sana."

"Mtakutana wapi?"

Hilo lilikuwa swali gumu. Chumba cha Zacharia kilikuwa cha wanaume. Nje, jua la mwezi wa saba lilichoma. Madam alifikiri kidogo.

"Mimi nawapeleka watoto bustani ya michezo kando ya bahari, kuanzia asubuhi. Njooni hapohapo. Wanaingiza familia tu. Wewe na kaka yako ni familia, mafi mushkila, hakuna shida. Kiingilio ni zawadi yangu ya Idi." Kisha akamwonyesha tangazo kwenye simu. "Chakula ndicho mtalipa wenyewe. Ona, wanauza bangili. Unailipia leo, kesho unakula siku nzima. Watoto nimeshawanunulia. Niwanunulie na nyinyi? Nitakata kwenye mshahara. Niambie kabla sijalala."

Kwenye picha kulikuwa na bangili ya karatasi ya kijani. Chini yake kulikuwa na sahani ya wali na kuku, aiskrimu, bisi, na kikombe kikubwa cha juisi. Bei ilikuwa riyali tisini na tano kwa mtu mmoja. Hannah aliitazama ile sahani. Ilikuwa imewekwa mezani, na kando ya meza kulikuwa na kiti.

Jioni alimpigia Zacharia.

"Kaka, kesho tutaonana!"

Zacharia alicheka kwa sauti ya mtu anayetaka kulia. Hannah akamweleza habari ya bustani, halafu habari ya bangili.

"Nunua," alisema Zacharia. "Usikubali akukate mshahara. Nina riyali mia na tisini nimeweka. Zinatosha bangili mbili kamili. Nitakupa mkononi, umrudishie madam."

"Ni nyingi, kaka."

"Sijakununulia hata soda tangu ufike nchi hii. Kesho sitaki kuhesabu."

Paul alikuwa kitandani kwake, akisikiliza. Alifanya kazi katika bustani hiyohiyo, kwenye dirisha la vyakula. Kila siku alijaza vikombe vya watu wenye bangili.

"Zaka, weka sauti ya nje niongee na dada," alisema. "Dada Hannah, habari ya siku? Mimi Paul. Kabla hujanunua, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Utaingia saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Utakuwa umekula mchana?"

"Ndiyo. Hapa tunapika kwanza, wageni wanakula, ndipo naondoka."

"Basi sikiliza. Ile bangili ina chakula mara mbili, cha mchana na cha jioni. Cha mchana tunafunga saa tisa. Ukifika saa kumi, hicho kimeshapita. Hakirudishwi, wala hakibadilishwi. Umekilipia na hujakiona."

Hannah alijisikia kama mtu aliyepokonywa kitu kabla hajakishika. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya ukali.

"Paul, miaka miwili nakula mabaki. Nakula nimesimama. Nilitaka siku moja nile bila kuhesabu wala kumwomba mtu. Hata hilo mnanihesabia?"

Zacharia alimkazia Paul macho. "Mwache anunue, bwana."

Paul hakukasirika. Aliketi akaweka miguu chini.

"Dada, kula utakula," alisema. "Utakula umeketi, tena chakula cha moto. Mimi mwenyewe nitakupakulia. Ninachouliza ni kimoja tu: kesho utaweza kula nini hasa? Siyo kilichoko kwenye picha. Kitakachoingia tumboni mwako."

"Sijui. Chakula cha jioni."

"Kile ukinunua dirishani ni riyali thelathini. Kingine?"

"Aiskrimu." Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kumi. Kinywaji?"

"Kimoja. Au viwili, kwa hili joto."

"Kimoja ni sita. Viwili kumi na mbili. Jumlisha."

Hannah alijumlisha kwa midomo. "Hamsini na mbili."

"Na bangili ni tisini na tano. Unaongeza arobaini na tatu kwa chakula usichokula. Kwa watu wawili, themanini na sita."

"Kwa hiyo wanatuibia?" aliuliza Zacharia.

"Hapana. Hawaibi. Ukinunua kimoja kimoja kila kilichomo, na kikombe ukakijaza mara tano, utalipa mia moja. Kwa hiyo anayekaa kutwa na kula vyote anaokoa. Watoto wa madam wataanza asubuhi, na vikombe watajaza mpaka nichoke. Kwao ni sawa kabisa, madam amefanya vizuri. Lakini nimeona wengi wakinunua kwa sababu ya neno 'nafuu'. Wakishanunua, wanaona uchungu pesa isipotee. Wanakula hawana njaa. Tukifunga madirisha kwa sala, wanasimama wanasubiri. Tukifungua, wanapanga foleni tena. Mwezi uliopita kulikuwa na mtu na mkewe. Wametoka kazini mbali, wamepata jioni moja. Nilimwona yule bwana kwenye foleni mara nne. Mkewe alikaa peke yake kwenye benchi."

"Kaka," alisema Hannah, "mimi sikutaka foleni. Nilitaka kukuona."

"Basi usinunue," alisema Zacharia polepole. "Mia na tisini nitakuja nazo hivyohivyo. Ukitaka kitu, tutanunua."

Hannah alimwendea madam sebuleni akamwambia kwamba hatahitaji bangili, kwa kuwa atafika chakula cha mchana kimeshafungwa. Madam aliinua nyusi.

"Hilo sikulisoma," alisema. "Halas, basi, sawa."

Kesho yake Zacharia alikuwa langoni mapema. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Hannah alishuka garini, akasimama. Alimwona kaka yake amekonda, na mvi zimeingia kwenye ndevu. Hawakukumbatiana mbele ya watu. Walishikana mikono, na hakuna aliyetaka kuachia wa kwanza.

Mlinzi wa lango aliwatazama. "Familia?" aliuliza. Zacharia akatoa ikama yake, Hannah akatoa yake. Mlinzi alisoma jina la baba kwenye kadi zote mbili. Akawapungia waingie.

Watoto wa madam walipita mbio wakiwa na bangili za kijani mikononi na vikombe vimejaa. Mdogo wao alikuwa na juisi mpaka kwenye nyusi. Walimpungia Hannah, wakakimbilia foleni nyingine.

Hannah na Zacharia walitafuta benchi lililoelekea baharini. Mwanzoni waliongea habari za kazi, joto na majirani wa nyumbani. Aiskrimu iliyeyuka vidoleni wakicheka. Adhana ya magharibi ilipolia, madirisha ya vyakula yalifungwa, na foleni zikasimama. Wao waliendelea kukaa. Hakukuwa na kitu walichosubiri.

Madirisha yalipofunguliwa tena, Zacharia alikwenda kwa Paul. Alirudi na sahani mbili za wali na kuku, zikitoa mvuke. Hannah aliweka sahani yake mezani, akavuta kiti, akaketi. Alikula taratibu. Alimaliza hata mifupa akaisafisha. Zacharia alimtazama, akageuza uso.

"Unalia, kaka?"

"Kuna jambo sikukuambia." Aliweka kijiko chini. "Kaburi la mama limezama. Mvua ya mwezi wa nne ililishusha upande mmoja. Mjomba Elphas alinipigia. Amelijaza udongo, umeshuka tena. Anasema bila saruji halitakaa."

Hannah alifunika mdomo. "Tangu mwezi wa nne? Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia jikoni peke yako. Nikasema nitakuambia siku nikikuona."

Hapo ndipo Hannah alipolia. Alilia kilio chote alichokirudisha tumboni siku ile ya samaki. Hakuna aliyemwita. Zacharia alisogeza kiti chake karibu, akamwekea mkono begani, akalia naye. Familia za meza za jirani ziliwaona, zikageukia sahani zao kwa heshima. Waliongea habari za mama, namna alivyoimba akipepeta mahindi, namna alivyowaficha wasichapwe na baba. Walisema mambo ambayo hayasemeki kwenye simu.

Walipotulia, Hannah alijifuta uso kwa mtandio. "Mjomba anahitaji saruji kiasi gani?"

"Mifuko mitatu. Na mchanga, na fundi. Nilikuwa nangoja mwisho wa mwezi."

"Zimebaki pesa ngapi mfukoni mwako?"

Zacharia alizitoa. Walikuwa wamekula, wamekunywa, wameshiba. Themanini na sita zilikuwapo, kama Paul alivyosema.

"Hizo zinatosha saruji," alisema Hannah. "Zitume kesho. Usingoje mwisho wa mwezi."

"Nitazituma. Mchanga na fundi nitaongeza mimi."

"Na mimi nitakutumia nusu ya pesa ya fundi nikilipwa. Ni mama yetu sote."

Saa nne dereva alipiga honi. Safari hii walikumbatiana, watu wakiona.

Hannah alirudi Riyadh na kazi zilikuwa zilezile. Lakini alianza kuuliza maswali ya Paul kabla ya kulipia kitu mapema. Siku moja alitoa taka nje, akakutana na Fridah, Mkenya aliyefanya usafi katika saluni iliyo ng'ambo ya barabara. Fridah alisema mkahawa wa jirani unauza kadi ya chakula cha mchana ya mwezi kwa riyali mia mbili. Je, anunue?

"Unakula hapo kila siku?" aliuliza Hannah.

"Kila siku ya kazi. Siku ishirini na sita. Sina pa kupikia."

"Bila kadi, sahani ni ngapi?"

"Kumi."

"Basi bila kadi ni mia mbili na sitini. Ukiugua siku moja mbili bado unaokoa. Uliza kwanza kama usipokula siku hiyo inapotea, na kama wakifunga watakurudishia. Wakijibu vizuri, nunua."

Fridah aliuliza, akajibiwa vizuri, akanunua.

Picha ya mjomba Elphas iliingia kwenye simu siku ya Ijumaa, Hannah akimenya viazi. Kaburi lilikuwa limesawazishwa, limefunikwa saruji pande zote. Kabla saruji haijakauka, mtu alikuwa ameandika kwa msumari: RASOA, MAMA WA ZACHARIA NA HANNAH. Herufi zilikuwa zimepinda kidogo, lakini zilisomeka.

Hannah alizima jiko. Alimpigia kaka yake.

"Umeiona?"

"Nimeiona," alisema Zacharia. "Mvua ilinyesha jana kutwa. Mjomba anasema halijasogea."